Maswali ya wasomaji: Kijia cha kutuliza nafsi katika bustani ya umma

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja: bustani za umma ambazo wenyeji wake wanataka kuzitengenezea kijia cha kutembea polepole, cha kupumzisha akili na kumrudisha mtu karibu na miti, ndege na udongo. Tumechagua zile zinazouliza kazi yenyewe inavyofanyika.

Tuanzie wapi?

Swali: Kamati yetu imepewa sehemu ya bustani yenye ukubwa wa hekta sita hivi, na tumeambiwa tulete ramani ya kijia. Hakuna kati yetu aliyewahi kufanya kazi hii. – Katibu wa kamati

Jibu: Ndugu katibu, ramani iwe ya mwisho. Anzeni kwa miguu. Ingieni bustanini mara tatu katika siku moja: asubuhi na mapema, jua likiwa la utosini, na magharibi inapokaribia. Kisha mrudi tena baada ya mvua kubwa. Kila mmoja ashike mchoro wa bustani na aandike mambo manne tu: kivuli kiko wapi saa hiyo, maji yametuama wapi, kelele inatoka upande gani, na watu wamekaa wapi. Hilo la mwisho msilipuuze. Watu wakiwa na mazoea ya kukaa mahali bila kuwekewa benchi, iwe juu ya jiwe, kwenye mzizi au ukingoni mwa bwawa, mahali hapo pana kitu: upepo, kivuli, au mandhari. Kituo chenu cha kwanza, yaani mahali pa kusimama na kutulia, kimeshapatikana.

Tazameni pia vijia vya mkato vilivyochorwa na nyayo kwenye nyasi. Mkiviziba vitafunguka upya. Ama kijia chenu kivifuate, ama kipite mbali navyo. Kukivusha katikati yake ni kuwaleta wenye baiskeli na wenye haraka zao juu ya watu waliokwisha kutulia.

Kuhusu urefu, mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Mzee, mgonjwa anayepata nafuu au mzazi aliyeshika mkono wa mtoto hutembea 2 hadi 3. Basi kijia cha mita 1,200 chenye vituo saba vya dakika tatu tatu kitamchukua huyu wa pili karibu dakika 50, na hapo panatosha. Kifanyeni mzunguko unaoanzia na kuishia mahali pamoja, na kiwe na tawi la kurudia mapema, mita 400 hivi kutoka mwanzo. Anayeumwa moyo au magoti hatazami uzuri wa kijia. Anajiuliza kama atafika. Asipoona pa kurudia, haanzi kabisa.

Kabla ya kuchimba chochote, fyekeni njia hiyo kwenye nyasi kwa upana wa mita 1.5, pigeni vigingi vya muda kwenye vituo, na muache watu waitumie kwa miezi miwili au mitatu. Mtaona kona wanazozikata, kituo ambacho hakuna anayesimama, na mahali wanapogeuka kurudi. Yote hayo yatarekebishwa kwa fyekeo badala ya sururu. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote.

Diwani anataka ushahidi

Swali: Diwani wetu anasema bustani ni pambo, na kwamba fedha za afya ziende kwenye dawa. Tumjibuje? – Muuguzi

Jibu: Mwonesheni kwanza utafiti wa Roger Ulrich, uliochapishwa mwaka 1984 katika jarida la Science. Alichukua kumbukumbu za hospitali moja huko Pennsylvania, Marekani, za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa kibofu cha nyongo, akawapanga wawili wawili waliolingana umri, jinsia na mambo mengine. Mmoja wa kila jozi alilala kwenye chumba ambacho dirisha lake lilitazama miti, na mwenzake lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walirudi nyumbani mapema kidogo, na walihitaji dozi pungufu za dawa kali za maumivu kuliko wenzao.

Pili, mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa watu karibu 20,000 wa Uingereza. Waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika maeneo ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema kwamba wana afya njema na wameridhika na maisha. Haikujalisha kama dakika hizo ni za mkupuo mmoja au za vipindi vifupi vifupi. Semeni ukweli wote lakini: uchunguzi wa namna hii unaonesha mambo mawili yanayoandamana, haujathibitisha kwamba moja limesababisha jingine, kwa kuwa mwenye afya ndiye mwepesi wa kutoka nje. Diwani makini atauliza hilo, na ni vizuri jibu litoke kwenu kabla yake.

Kwa mbunifu, kilicho na faida zaidi ni maelezo ya Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan. Wao walisema umakini wa kujilazimisha, ule wa kazini na barabarani, huchoka kama msuli. Hupumzika pale macho yanapovutwa na kitu bila kulazimishwa: majani yanayocheza na upepo, maji, mawingu, sisimizi wanaopanda shina. Sasa geuzeni maelezo hayo upande wa pili. Anayechunga asijikwae, anayegeuka kuona nani anamfuata, anayesoma kibao cha aya nne, bado anatumia umakini uleule uliochoka. Ndiyo maana katika majibu yanayofuata tunazungumza sana habari za kokoto, mteremko na benchi. Mwili ukiwa na wasiwasi, mandhari hayaingii.

Kokoto zimesombwa na mvua

Swali: Kijia chetu kilimwagwa kokoto za duara za mtoni, unene wa sentimita kumi. Vijana wanapita, ila wenye viti vya magurudumu wanakwama. Mvua kubwa ya kwanza imesomba nusu ya kokoto na kuchimba mfereji katikati. Tuongeze nyingine? – Msimamizi wa bustani

Jibu: Msiongeze hata toroli moja. Mna makosa mawili, na kokoto mpya hazitatibu lolote.

La kwanza ni aina ya jiwe. Kokoto ya duara haishikani na mwenzake. Tairi likiikanyaga inakimbilia pembeni na gurudumu linazama. Kinachohitajika ni mawe yaliyopondwa, yenye ncha, pamoja na vumbi lake: punje kubwa zisizidi milimita 6 hadi 10, kisha ndogo zaidi na zaidi mpaka vumbi. Ncha zinashikana, vumbi linajaza matundu, na maji kidogo pamoja na uzito wa mtambo wa kushindilia vinaufunga mchanganyiko mzima ukawa kama sakafu. Msinunue mawe yaliyooshwa vumbi kwa kudhani kwamba masafi ndiyo bora. Vumbi ndilo gundi.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Ondoeni udongo wa juu wenye nyasi na mizizi, kama sentimita 15, muuweke kando kwa ajili ya kurudishia kingo. Shindilieni ardhi iliyobaki. Kama ni mfinyanzi unaonata, tandikeni kitambaa cha jioteksitaili, kile kinachopitisha maji na kuzuia udongo, la sivyo mawe yatazama na tope litapanda. Mwageni msingi wa mawe yaliyopondwa ya hadi milimita 40, uwe na unene wa sentimita 10 baada ya kushindiliwa, au 15 kwenye ardhi laini. Hizo 15 zishindiliwe kwa tabaka mbili: mkizipiga kwa mkupuo mmoja, juu panakuwa pagumu na chini panabaki pamelegea, halafu baada ya miezi kijia kinabonyea. Juu ya msingi wekeni sentimita 5 za mawe madogo yenye vumbi.

Unyevu wa tabaka la juu ndio unaoamua kama litashika. Chukua konzi yake, ifumbate kwa nguvu, kisha fumbua kiganja. Likibaki donge moja, na mkono haujalowa, shindilia. Likimwagika kama mchanga mkavu, nyunyizia maji. Maji yakichuruzika kati ya vidole, subiri, maana mtambo utapandisha uji juu na mawe yatabaki chini bila gundi.

Kwa mita 100 za kijia chenye upana wa mita 1.5, msingi wa sentimita 10 ni mita za ujazo 15, na tabaka la juu ni 7.5. Mawe yanafika na lori yakiwa yamelegea, kwa hiyo agizeni kama 20 na 10.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mfereji uliochimbika katikati unaeleza kwamba kijia kinashuka pamoja na maji, kimefuata mteremko moja kwa moja. Hapo hata zege litachimbwa pembeni. Kijia kinatakiwa kikate kilima kwa ubavu, na mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe. Kilima kikipanda kwa asilimia 12, kijia kisizidi 6. Ukivuka nusu hiyo, maji yanaacha kuvuka kijia na kuanza kukifuata. Kwa ajili ya viti vya magurudumu lengeni asilimia 5, yaani kupanda mita 1 katika kila mita 20. Panapolazimu asilimia 8, pawe pafupi, na juu na chini yake muache sehemu tambarare ya mita 1.5 ya kupumzikia. Basi sehemu iliyochimbika ihamisheni. Kuirudishia palepale ni kazi ya kila masika.

Uso wa kijia nao uiname kidogo kuelekea bondeni, asilimia 2, ambayo kwa upana wa mita 1.5 ni sentimita 3. Kupima ni rahisi. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1.5, ulaze kukata kijia, weka kipande cha mbao cha sentimita 3 chini ya ncha ya upande wa bondeni, kisha weka pima maji juu ya ubao. Kiputo kikikaa katikati, umepatia. Rudia kila baada ya mita tano, kwani macho yanadanganya sana kwenye ubavu wa kilima. Mkizidisha, kiti cha magurudumu kitavutwa upande mmoja safari nzima na anayekisukuma ataumia bega. Kwenye kipande kirefu, kila mita 15 hadi 20 fanyeni kijia kishuke kidogo kisha kipande tena, kiwe na bonde jepesi la kutolea maji. Mtembeaji halihisi kabisa.

Mwisho, tazameni mbao za ukingoni. Zikisimama juu ya uso wa kijia zinakigeuza kuwa mfereji. Zikae sawa na uso au chini yake kidogo.

Vipande vya mbao vilivyosagwa, ambavyo wasomaji wawili wameviulizia, vinapendeza chini ya miti na ni laini kwa magoti, lakini vinaoza, vinahitaji kuongezwa mara kwa mara, na gurudumu haliviwezi. Viwekeni kwenye matawi ya pembeni tu.

Mti mkubwa uko njiani

Swali: Kijia kinapita chini ya mti mkubwa kuliko yote bustanini. Mkandarasi anasema atakata mizizi michache tu ya juu. – Mwalimu mstaafu

Jibu: Mwalimu, mzuieni. Mizizi midogo inayonyonya maji iko karibu yote kwenye sentimita 30 hadi 60 za juu, na hiyo michache ndiyo inayoibeba mamia yake. Tena mti hauonyeshi jeraha hilo upesi. Unaanza kukauka vileleni baada ya miaka kadhaa, mkandarasi akiwa amekwisha kulipwa na kusahaulika.

Pimeni mzingo wa shina kwenye urefu wa kifua, mgawanye kwa 3.14 mpate kipenyo, halafu zidisheni kipenyo mara 12. Shina lenye mzingo wa sentimita 188 lina kipenyo cha sentimita 60, na eneo la mizizi la kulindwa ni duara la mita 7.2 kutoka shinani. Ndani ya duara hilo hakuna kuchimba, hakuna kushindilia, hakuna kurundika mawe wala saruji, na gari lisiingie. Lizungusheni uzio siku ya kwanza ya ujenzi, kabla lori la kwanza halijafika.

Ikibidi kupita humo, jengeni juu ya ardhi: kitambaa, kisha jioseli, ule wavu wa plastiki wenye vyumba kama sega la nyuki, ujazwe mawe yasiyo na vumbi ili maji na hewa vipite. Hapo tu ndipo vumbi halitakiwi chini. Au jengeni daraja fupi la mbao juu ya nguzo zilizochimbiwa kwa mkono, na mkikuta mzizi mnene kuliko kidole gumba mnahamisha shimo. Kwa maoni yetu daraja ni bora. Mtu hupunguza mwendo kwa hiari akisikia mbao chini ya miguu, na anajikuta amesimama chini ya mti mkubwa akitazama juu.

Mama anaishia nusu

Swali: Mama yangu ana miaka 78. Anapenda bustani lakini anaishia benchi la kwanza, kisha anaogopa kuendelea. Wapangaji wamenitaka maoni. Niwaambie nini? – Binti yake

Jibu: Mpe mama shikamoo yetu, kisha waambie wapangaji waweke benchi la pili mahali ambapo linaonekana ukiwa umekaa kwenye la kwanza, na la tatu lionekane kutoka la pili. Mita 50 kati yao ni nzuri kwenye mzunguko mfupi. 100 ndiyo mwisho. Mzee anayeona pa kukaa mbele yake anaendelea. Asiyeona anafanya hesabu ya kurudi.

Benchi lenyewe: kiti kiwe sentimita 45 hadi 50 kutoka chini, kiwe na egemeo la mgongo, na mikono ya pembeni ifike mpaka ukingo wa mbele wa kiti. Tazama mtu mzima anavyoinuka: anarudisha nyayo chini ya kiti, anashika mikono ya benchi mbele ya mwili wake, anainamia mbele, ndipo anasimama. Mikono ikiishia katikati ya kiti hana pa kushika, na kama chini ya kiti pamezibwa kwa zege au ubao, nyayo hazina pa kurudi. Mabenchi mengi mazuri ya kutazama yana makosa yote mawili. Kando ya benchi paachwe sakafu ngumu ya sentimita 90 kwa 120, ili mwenye kiti cha magurudumu akae bega kwa bega na mwenzake, asiegeshwe njiani.

Lisielekee jua la alasiri, na mimea inayovutia nyuki isiwe karibu kuliko mita 3. Na umbali wa choo uandikwe langoni, kwa mita. Wengi wanaokataa kuzunguka wanakataa kwa sababu hiyo na hawaisemi.

Vichaka vinatutisha

Swali: Wataalamu wa mimea wanataka vichaka vinene kwa ajili ya ndege. Sisi wanawake tunaotembea peke yetu hatutaki kupita humo. Nani ana haki? – Msomaji wa kike

Jibu: Dada, haki ni yako, na ndege hawatakosa pao. Panga mimea kwa ngazi. Ukanda wa mita 2 hadi 3 kila upande wa kijia uwe na mimea isiyozidi sentimita 70, na matawi ya miti yakatwe mpaka mita 2.4 kwenda juu. Kati ya hapo macho yanapita. Vichaka vinene vianzie nyuma ya ukanda huo, na huko viwe vinene kwelikweli, kwani ndege wengi wanataka utulivu na umbali kutoka kwa miguu ya watu. Kona kali isizibwe na kichaka upande wa ndani. Kila kituo kiwe na njia mbili za kutokea. Kijia kinachoishia kwenye uwazi uliofungwa, hata kama ni mzuri namna gani, kitakosa watu.

Mwanajiografia Jay Appleton alieleza mwaka 1975 kwamba binadamu hupenda mahali anapoona mbali bila yeye mwenyewe kuwa wazi pande zote. Liwekeni benchi hivyo: mgongo uelekee kichaka kilichoshonana, mti au ukuta, macho yaelekee uwazi. Benchi lililowekwa katikati ya uwanja, watu wakipita nyuma yake, hukaliwa na wanaosubiri mtu, si wanaopumzika.

Kuhusu taa, maoni yetu ni kwamba msiangaze kijia chote. Mwanga unawavuruga popo na wadudu, na unampa mtu imani kwamba njia ni salama usiku wakati hakuna watu. Angazeni njia kuu ya kuvukia bustani, kwa taa zinazoelekea chini zenye mwanga wa rangi ya joto, na kijia kifungwe giza likiingia.

Hakuna anayesoma vibao

Swali: Tuliweka vibao nane, kila kimoja kina maneno karibu 300 na picha. Watu wanapita tu. – Afisa elimu

Jibu: Maneno 300 ni dakika mbili za kusimama juani ukisoma. Kibao cha kijia cha namna hii kiwe na maneno 50, kisizidi 70, na kimtake mtu afanye jambo moja. Mfano:

“Simama. Fumba macho. Tafuta sauti ya mbali kuliko zote. Sasa tafuta ya karibu kuliko zote.”

“Weka kiganja kwenye gome, upande wa jua. Sasa upande wa kivuli. Subiri mpaka mkono uhisi tofauti.”

“Vuta pumzi ukihesabu mpaka nne. Itoe taratibu ukihesabu mpaka sita. Rudia mara kumi, ukitazama tawi moja tu.” Msiwaambie watu wabane pumzi, wako wenye pumu na wajawazito miongoni mwao.

Maelezo ya aina ya mti na ndege yawekeni langoni au kwenye karatasi, kwa anayeyataka. Ukingo wa chini wa kibao uwe sentimita 75 hadi 80 kutoka chini na uso wake uiname nyuzi 30 hadi 45, ili mtoto na aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu wasome pia. Herufi zisipungue pointi 24, nyeusi juu ya rangi hafifu isiyong'aa. Maandishi ya nukta nundu yakae mahali palepale kwenye kila kibao, na sakafu ibadilike mguso mita moja kabla yake, la sivyo asiyeona hatajua kama kibao kipo. Na kiwekeni pembeni ya mandhari. Kibao kilichosimama mbele ya bwawa kinatazamwa badala ya bwawa.

Kituo cha kwanza kisiwe langoni. Kiacheni mita 100 au 150 ndani. Mtu anaingia na mwendo wa barabarani na simu mkononi, na anahitaji umbali huo apoe.

Tuna neno juu ya uchaguzi wa vituo. Mwaka 2008 taasisi ya New Economics Foundation ya Uingereza iliorodhesha mambo matano yanayojenga ustawi wa mtu: kuungana na wenzake, kujishughulisha, kuangalia kwa makini kilicho mbele yake, kuendelea kujifunza, na kutoa. Linganisheni vituo vyenu na orodha hiyo. Mara nyingi vyote nane ni vya kuangalia, na hakuna hata kimoja cha kuungana wala cha kutoa. Mabenchi mawili yaliyokaa kwa pembe, si mkabala kabisa, yanawawezesha wageni kuzungumza au kunyamaza bila aibu. Kitalu kidogo ambacho mpita njia anaweza kukimwagilia, chenye bomba na ndoo ya lita 5, ni kituo cha kutoa.

Vituo vya harufu na mguso msisahau kuviinua. Vitalu vya urefu wa sentimita 70 hadi 80 vyenye mnanaa, mrehani au rozimari vinafikiwa bila kuinama. Mnanaa upandwe kwenye chombo chake, kwa sababu unatambaa na kuwameza wenzake. Mmea wowote wenye utomvu unaowasha au tunda lenye sumu ukae mbali na mkono wa mtoto.

Barabara inanguruma

Swali: Upande mmoja wa bustani kuna barabara kuu. Je, tukipanda safu mbili za miti kelele itakatika? – Mjumbe wa kamati

Jibu: Haitakatika. Safu mbili zinaficha magari machoni, na hilo lina faida yake, lakini sauti inapita kati ya majani kama kawaida. Inahitaji msitu mnene wa makumi ya mita ndipo sikio lipate nafuu. Mnazo njia tatu zinazofanya kazi. Sogeza vituo: kila mara umbali kutoka barabarani unapoongezeka maradufu, kelele ya magari yanayofuatana hupungua kwa desibeli 3 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Jenga tuta la udongo refu kiasi cha kuyaficha magari kwa mtu aliyesimama. Linapunguza kama desibeli 5. Hesabuni nafasi mapema, kwani tuta la mita 2 lenye mteremko wa moja kwa tatu pande zote linakula mita 12 za ardhi. Ya tatu, wekeni maji yanayoanguka karibu na benchi. Hayapunguzi kelele, ila sikio linayafuata yenyewe. Mwanguko wa sentimita 20 hadi 30 juu ya mawe unatosha. Mkubwa kuliko huo nao unakuwa kelele.

Matunzo ni ya nani?

Swali: Kijia kitazinduliwa, wakubwa watapiga picha, halafu? – Mzee wa mtaa

Jibu: Mzee wetu, swali hili lingekuja kwanza. Kabla ya uzinduzi pawe na karatasi moja inayotaja mtu, kazi na siku. Kila wiki: takataka, na kupita kila benchi kwa mkono kutafuta msumari au kibanzi. Mara mbili kwa mwaka: matawi yakatwe tena mpaka kipimo chake. Mara moja kwa mwaka: miti yote ambayo ikianguka itafika kijiani ikaguliwe na mtu mwenye ujuzi. Mti uliokufa msiung'oe moja kwa moja, kwani mbawakawa na vigogota wanaishi humo. Ukiwa mita 6 kutoka kijiani, ukateni ubaki mita 4, hata ukianguka haufiki.

Nyasi za kando zifyekwe fupi kwa upana wa mita moja kila upande, na zaidi ya hapo ziachwe zirefuke mpaka zitoe mbegu, kisha zikatwe mara moja au mbili kwa mwaka na kuondolewa. Zikiachwa zioze palepale zinarutubisha udongo, nyasi zenye nguvu zinatawala, na maua ya porini yanatoweka. Ule ukanda mfupi una kazi mbili: nyoka na kupe wanabaki mbali na miguu, na anayepita anaelewa kwamba nyasi ndefu zimeachwa kwa makusudi, hapigi simu kulalamika.

Kubwa kuliko yote ni siku ya mvua. Mvua kubwa ikinyesha, mtu mmoja apite kijia chote kesho yake akiwa na koleo na reki. Afungue yale mabonde mepesi ya kutolea maji, maana majani na mchanga huyaziba kwa siku moja, na maji yakishakosa pa kutokea yanashuka na kijia. Afukie kila mfereji ukiwa bado hauzidi upana wa vidole viwili, kwa mawe yenye vumbi yaliyolowanishwa na kushindiliwa kwa gogo. Rundo la akiba la mita moja ya ujazo, likiwa limefunikwa turubai karibu na katikati ya kijia, litamwondolea safari za toroli kutoka langoni.